Wiki tatu Hamburg: maandalizi yanaanzia Jangwani

Swali: "Nafundisha mipango miji katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Nimepewa jukumu la kuratibu safari ya masomo ya wanafunzi 12 wa mwaka wa pili kwenda Hamburg, Ujerumani, kwa wiki tatu mwezi Septemba. Mada yao ni mafuriko mijini. Wengi hawajawahi kupanda ndege, na watano hawana hata paspoti. Tumebakiza miezi saba. Uongozi unataka tufanye semina elekezi ya siku moja, wiki ya mwisho kabla ya safari. Inatosha? Kama haitoshi, tuanzie wapi?"

Mwalimu, salaam. Semina ya siku moja haitoshi, na kuiweka wiki ya mwisho ndiko kunakoiharibu kabisa. Wiki hiyo akili ya mwanafunzi iko kwenye begi, kwenye kuaga ndugu na kwenye orodha ya vitu alivyoagizwa na shangazi. Utakayomwambia yatapita sikio hili na kutokea lile.

Anayekwenda kusoma nje kwa muhula mzima ana nafasi ya kukosea. Wiki ya kwanza atapotea njia, ya pili ataogopa kuuliza swali darasani, ya nne amekuwa mwenyeji. Wanafunzi wako wana siku 21. Ukitoa mbili za safari na Jumapili tatu, zimebaki 16. Wakitumia nne kushangaa, kutafuta tiketi na kujifunza kwa nini profesa ananyamaza akiwasubiri waseme, robo ya kozi imeondoka. Safari ikiwa fupi, sehemu kubwa ya kozi lazima ifanyike nyumbani kabla ya kuondoka. Badala ya semina moja, omba vikao nane vya saa mbili mbili, kila baada ya wiki mbili, kuanzia mwezi wa tano. Makaratasi lakini yasisubiri mwezi wa tano. Hayo yaanze wiki hii.

Paspoti na viza

Wale watano ndio watakaoamua kasi ya kundi zima. Fomu ya paspoti inajazwa mtandaoni, lakini shida haiko kwenye fomu. Iko kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, kitambulisho cha NIDA kinasema Mohammed, cheti cha kidato cha nne kina majina mawili na vingine vyote vina matatu. Waite wote 12 siku moja, kila mmoja aje na nyaraka zake halisi, mzilaze mezani na kulinganisha herufi kwa herufi. Utakuta mmoja au wawili ambao walichonacho ni tangazo la kizazi tu, si cheti cha kuzaliwa cha RITA. Utakuta pia ambaye cheti chake kiko kijijini kwa bibi. Uhamiaji watahitaji pia uthibitisho wa kuzaliwa kwa mzazi, yaani cheti chake au kiapo, pamoja na barua inayoeleza sababu ya safari. Barua hiyo chuo kiwaandikie mapema. Jiwekeeni kwamba mwisho wa mwezi wa nne kila mmoja awe na paspoti mkononi. Paspoti za zamani nazo zikaguliwe: ili kupata viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, zinazotumia viza moja), paspoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka eneo la Schengen.

Viza mnayoomba ni ya muda mfupi, aina C, kwa kuwa hamtazidi siku 90 ndani ya siku 180. Sheria inaruhusu kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Hizo 15 msizikaribie. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini ubalozi unaweza kuchukua hadi 45, na miezi ya sita hadi ya nane ndiyo yenye foleni. Lengeni kuwasilisha mwanzoni mwa mwezi wa sita. Kila mwanafunzi atakwenda mwenyewe, kwa sababu anachukuliwa alama za vidole.

Ada ya viza ni euro 90 tangu Juni 2024, ila wanafunzi wanaokwenda kwa masomo, pamoja na walimu wanaowasindikiza, wamesamehewa na sheria ya viza ya Schengen. Msije mkalipa kwa kutojua. Barua yenu iseme wazi kwamba waombaji ni wanafunzi wa chuo walio kwenye safari ya masomo na kwamba fulani ndiye mwalimu wao. Kama maombi yanapitia kwa wakala, malipo ya huduma ya wakala yanaweza kubaki pale pale.

Kinachokwamisha mafaili ya makundi mara nyingi ni tarehe zisizooana. Mwaliko unasema tarehe 1 hadi 21, tiketi inaonyesha ndege inatua tarehe 31 Agosti, bima inaanza tarehe 1. Siku moja haina bima, na faili limekwama. Bima yenyewe iwe ya angalau euro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen, na igharamie matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au kifo. Tengeneza jedwali moja lenye jina kama lilivyo kwenye paspoti, namba ya paspoti, tarehe ya kuingia na ya kutoka, kisha kila barua iandikwe kwa kunakili kutoka humo. Fanya hivyo hivyo kwa tiketi: jina la ukoo na majina mengine yafuate mpangilio wa paspoti, si namna mwanafunzi anavyojiita kwenye orodha ya darasa. Msilipie tiketi zisizorudishiwa fedha kabla viza hazijatoka; kwenye faili wekeni oda ya tiketi.

Kuhusu fedha za kujikimu: usimwache mzazi akope milioni tatu, aziweke benki Jumatatu na kuchapisha taarifa ya akaunti Ijumaa. Ofisa wa viza anaona akaunti iliyolala mwaka mzima ikajaa ghafla, na shaka inaanzia hapo. Kama chuo mwenyeji kinagharamia malazi na chakula, mwaliko useme hivyo kwa kutaja kila mwanafunzi kwa jina. Iko pia hati rasmi ya udhamini iitwayo Verpflichtungserklärung, ambayo mdhamini aliyeko Ujerumani huisaini katika ofisi ya wageni ya mji wake. Kwa mwanafunzi ambaye mama yake anauza samaki na hana akaunti benki, karatasi hiyo ina uzito kuliko taarifa yoyote ya kubuni. Na kwa kuwa swali kubwa la ofisa ni "atarudi?", barua ya chuo itaje tarehe muhula unaofuata unapoanza na kwamba mwanafunzi amesajiliwa.

Chagueni wanafunzi wawili wa akiba na wahudhurie vikao vyote. Kama chuo ni cha umma, mwalimu msindikizaji naye anahitaji kibali cha kusafiri nje ya nchi. Ombi lake liingie sambamba na viza. Wasindikizaji wawe wawili, mwanamke na mwanamume.

Krediti, na bumu

Suala hili huachwa hadi wanafunzi wamerudi, halafu idara inakataa kuitambua kozi. Kwetu krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka una krediti 120. Mfumo wa Ulaya, ECTS, unahesabu saa 25 hadi 30 kwa krediti moja, na mwaka una 60. Kozi ya ECTS 3 ni saa 75 hadi 90. Ukihesabu kwa saa, hizo ni krediti saba na nusu hadi tisa za kwetu. Ukihesabu kwa uwiano wa mwaka, ni sita. Njia zote mbili zina hoja, lakini moja ichaguliwe na idara, iandikwe, na ipite kwenye vikao vya chuo kabla ya safari. Ningechagua ya uwiano wa mwaka, kwa kuwa haina mabishano.

Waeleze pia kuhusu alama. Kwetu GPA (wastani wa alama) ya 5.0 ndiyo kilele na daraja la kwanza linaanzia 4.4. Ujerumani 1,0 ndiyo bora, 4,0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na 5,0 ni kufeli. Mwanafunzi akiandikiwa 1,3 bila kujua hili, atalia usiku kucha kwa alama nzuri kuliko zote alizowahi kupata.

Angalieni kalenda. Septemba inaweza kugongana na mafunzo kwa vitendo au na mitihani ya sapu. Na kwa wanaosoma kwa mkopo, ongea na afisa mikopo wa chuo kuhusu siku za kusaini bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo. Fedha isiyosainiwa kwa wakati hurudishwa Bodi ya Mikopo, na mwanafunzi anaanza muhula hana nauli.

Kozi ianzie Jangwani

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari 1962, dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ilisukuma maji hadi Mto Elbe, matuta ya kuzuia maji yakapasuka, na watu 315 wakafa ndani ya Hamburg. Mengi watakayoonyeshwa huko yanatokana na usiku ule. Wataonyeshwa HafenCity, mtaa mpya wa bandarini uliojengwa juu ya ardhi iliyoinuliwa hadi mita 8 au 9 juu ya usawa wa bahari, huku njia za chini za kutembea zikiachwa zifurike. Mwanafunzi asiye na swali lake atapiga picha na kuondoka. Aliyekwisha kusimama Jangwani, katika Bonde la Msimbazi hapa Dar, akaona karakana ya mwendokasi iliyofurika mara kwa mara, akazungumza na mtu ambaye jirani zake walihamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011, huyo atauliza: ile ardhi mliyoiinua, maji yaliyokuwa yakikaa hapo yalikwenda wapi? Nani alilipa? Waliokuwa wakiishi hapo ni nani?

Kwa hiyo vikao vitatu kati ya vinane vifanyike Bonde la Msimbazi, si darasani. Kila mwanafunzi arudi na swali moja, la sentensi moja, ambalo Hamburg inaweza kumsaidia kulijibu. Maswali yakusanywe, yapelekwe kwa chuo mwenyeji mwezi mmoja kabla, na mwenyeji apange ratiba akiwa nayo. Swali likiwa pana mno, kama "Hamburg inakabilianaje na mafuriko?", mrudishie. Likiwa na kitu cha kupima, kama urefu, gharama, mwaka, au ofisi inayofanya uamuzi, lipitishe.

Kikao kimoja kiwe cha kuzoeza macho. Wapeleke wawili wawili mahali wasipopazoea. Anayetoka Mbezi aende Soko la Samaki Feri saa kumi na mbili asubuhi, wa Kigamboni aende Kariakoo kwenye maghala. Kila mmoja ajaze safu tatu: nilichokiona, nilichodhani kina maana gani, nilivyokihukumu. Kisha amuulize mwenye shughuli. Watagundua jinsi safu ya pili ilivyojaa makosa, ndani ya jiji lao wenyewe. Siku watakapopanda treni ya Hamburg na kukuta abiria wote kimya, hakuna salamu, hakuna anayemtazama mwenzake, wataandika "wamenyamaza" kwenye safu ya kwanza kabla ya kukimbilia kuandika "wanatuchukia" kwenye ya tatu.

Historia nayo isiachwe. Hamburg na Dar es Salaam ni miji rafiki tangu 2010, lakini uhusiano wao ni mkongwe na una majeraha. Enzi za Wajerumani, jiji letu lilikuwa na sanamu ya gavana Hermann von Wissmann. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilichukuliwa Uingereza, kisha mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, ikakaa hapo hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Wenyeji wao wa rika moja huenda wanaijua habari hiyo, na watawauliza: ninyi Dar mnafundishwa nini kuhusu Maji Maji? Ni aibu mwanafunzi wetu akose la kusema zaidi ya "1905 hadi 1907". Waonyeshe Sanamu ya Askari pale Posta, wasome kuhusu Songea, ambako Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Novemba 2023 kuomba msamaha. Kikao kimoja kinatosha, mradi kiwe cha mjadala.

Kusema darasani

Hapa ndipo wanafunzi wetu wazuri hupoteza alama. Wamelelewa kwamba kunyamaza mbele ya mkubwa ni adabu, na kumpinga mwalimu ni utovu wa adabu. Katika semina ya Kijerumani, anayenyamaza huhesabiwa kuwa hajasoma. Kuwaambia "mjiamini" hakusaidii, wanahitaji kuzoea. Kuanzia kikao cha kwanza, weka sharti: hakuna anayetoka bila kuuliza swali moja, na kila kikao wawili wapewe kazi ya kupinga hoja ya mwalimu kwa ushahidi, mwalimu akiwa mbele yao. Kikao cha kwanza kitakuwa kigumu. Cha nne watakuwa wamezoea. Vikao hivi viendeshwe kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha watakayotumia huko. Kijerumani cha salamu, namba na kuomba msaada kitoshe; Goethe-Institut pale Upanga ni mahali pa kuulizia kozi fupi.

Muda nao ni somo. Wafundishe kusoma ratiba kwa saa 24 bila kuitafsiri kichwani. Mtu akiambiwa "nine" kwa haraka, akili ya Kiswahili huandika saa tisa, na saa tisa yetu ni 15:00. Kosa hili huwapata hata watu wazima, hasa wakiwa wamechoka. Wajerumani nao wana mtego wao: "halb acht", neno kwa neno "nusu nane", ni 7:30, si 8:30. Na kwenye ratiba za vyuo vyao, "10 c.t." maana yake kipindi kinaanza 10:15, ilhali "10 s.t." ni 10:00 kamili. Ratiba ya kundi iandikwe mtindo mmoja tu, 07:30 au 15:00, hata kwenye WhatsApp.

Mwezi Septemba Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo hawatateswa na tofauti ya saa. Wakichoka siku ya kwanza, ni usingizi wa ndegeni.

Afya

Nianze na malaria, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari ya kweli. Homa inaweza kuanza siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa na mbu, maana yake mwanafunzi anaweza kuondoka Dar akiwa mzima na kuugua akiwa Hamburg, ambako daktari wa kawaida akiona homa na maumivu ya mwili hufikiria mafua kwanza. Kila mmoja awe na kadi kwenye pochi imeandikwa: "Ich komme aus Tansania. Bitte testen Sie mich auf Malaria." Yaani natoka Tanzania, tafadhali nipimeni malaria. Kanuni iwe moja: homa yoyote, siku hiyo hiyo anapimwa, hata kama ni saa sita usiku. Mwulize mwenyeji mapema ni hospitali gani inapima usiku. Hamburg ina taasisi ya magonjwa ya kitropiki, Bernhard Nocht, iliyopo tangu 1900, kwa hiyo utaalamu upo. Kinachotakiwa ni mgonjwa kufikishwa panapostahili.

Wanafunzi wajue pia kwamba huko hutaingia duka la dawa ukanunua antibayotiki kwa maelezo ya mdomo. Anayetumia dawa za kila siku abebe za wiki nne, ndani ya vifungashio vyake, kwenye begi la mkononi, pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza. Mwenye selimundu akamwone daktari wake angalau wiki sita kabla: hewa ya ndani ya ndege, baridi na kutokunywa maji ya kutosha vinaweza kumwamshia maumivu makali. Mwenye pumu vilevile, kwa sababu ya hewa baridi. Anayetumia dawa za kufubaza VVU aombe CTC yake, yaani kliniki anakochukulia dawa hizo, impe za kutosha kipindi chote. Ujerumani haimzuii kuingia, na hakuna mtu kwenye kundi anayepaswa kujua. Ndiyo maana maswali ya afya yasiulizwe kikaoni wala kwenye fomu inayozunguka darasani. Kila mwanafunzi azungumze faragha na muuguzi wa chuo, na muuguzi amwambie mratibu kile tu ambacho mwanafunzi ameridhia. Someni bima kwa makini: nyingi hazigharamii ugonjwa ambao mtu alikuwa nao tangu awali.

Ujerumani haidai chanjo ya homa ya manjano kwa mtu anayetoka Tanzania. Lakini Tanzania inaidai kwa anayeingia kutoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na hata kwa aliyekaa humo zaidi ya saa 12 akisubiri ndege. Mkiunganisha Addis Ababa au Nairobi mkiwa mnarudi na ndege ikachelewa, kadi ya chanjo itaulizwa. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo na, tangu Julai 2016, hudumu maisha.

Begi, mpaka na treni

Septemba Hamburg joto huwa kati ya nyuzi 10 na 19, na mvua ni za mara kwa mara. Koti la mvua, sweta mbili na viatu vilivyofungwa visivyopitisha maji vinatosha. Waende Karume kwenye mitumba. Koti zuri la baridi hapo ni rahisi mno kuliko huko. Umeme ni volti 230 kama wetu, kwa hiyo hawahitaji kigeuza umeme. Wanahitaji adapta tu, kutoka plagi yetu ya pini tatu bapa kwenda ya pini mbili za duara. Pawabenki ikae begi la mkononi, kamwe si kwenye begi la mizigo.

Akina mama watataka kufunga chakula. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kwenye begi la abiria. Matunda na mboga mbichi havipiti bila cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Embe la mama litaishia kwenye pipa uwanjani. Kwa zawadi, kanga, kahawa na vinyago vidogo vya mpingo vinafaa; makombe makubwa ya baharini na matumbawe wasiguse, kwa sababu mengi yanalindwa na mkataba wa kimataifa.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar hadi Hamburg. Mkipitia Amsterdam au Frankfurt, ukaguzi wa mpaka wa Schengen unafanyika hapo. Tangu Oktoba 2025 mfumo mpya wa kielektroniki umekuwa ukichukua picha ya uso na alama za vidole za wageni, na foleni zinaweza kuwa ndefu. Acheni saa tatu kati ya ndege na ndege. Mwaliko, bima, anwani ya malazi na tiketi ya kurudi viwe mkononi, kwenye karatasi, kwa sababu simu huisha chaji. Kila mwanafunzi afanye mazoezi ya kujibu kwa kifupi: nakwenda wapi, kwa siku ngapi, nakaa wapi, narudi lini.

Stesheni za Hamburg hazina mageti, na kwenye treni hakuna konda anayegonga sarafu. Mgeni hudhani ni bure. Wakaguzi hupita ghafla, wakati mwingine wakiwa wamevaa kiraia, na asiye na tiketi halali hulipa euro 60 bila kusikilizwa. Tiketi ya mwezi ya Deutschlandticket, euro 63 tangu Januari 2026, inafaa kundi kama lenu, ila ni ya kujiunga: isipositishwa kabla ya tarehe 10 ya mwezi huo, inaendelea kukata fedha mwezi unaofuata. Afadhali mwenyeji awanunulie na kuisitisha mwenyewe.

Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hiyo chakula kinunuliwe Jumamosi. Maji ya bomba yananyweka. Chupa nyingi za plastiki zina amana ya senti 25 inayorudishwa dukani. Kuanzia saa nne usiku ni muda wa kimya kwenye majengo ya makazi, na majirani huita polisi kweli. Namba ya dharura ni 112. Wasiokula nyama ya nguruwe wakariri neno moja, Schweinefleisch, na mwenyeji aarifiwe idadi yao mapema.

Fedha

Kadi ya benki iruhusiwe kutumika nje kabla ya kuondoka, na ijaribiwe. Kosa linalowakuta wengi ni hili: benki hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya Tanzania, na laini hiyo imezimwa au haikuunganishwa kutumika nje ya nchi. Kadi ipo, fedha ipo, malipo hayapiti. Laini ya nyumbani ibaki kwenye simu, huduma ya kutumika nje iwashwe wakiwa bado Dar, na bando la intaneti litafutwe kwenye laini ya huko. Kila mmoja awe na euro 100 hadi 150 taslimu, kwani sehemu nyingi ndogo Ujerumani bado hupenda noti.

Bajeti ya chuo ibebe vitu ambavyo haviandikwi: ada ya paspoti, nauli ya kufuata cheti cha kuzaliwa mkoani, koti, begi. Usipoviweka, utadhani umechagua wanafunzi bora kumbe umechagua wenye wazazi wenye uwezo.

Mazungumzo mawili magumu

La kwanza ni ubaguzi. Usiwatishe wala usiwafiche. Kuna anayeweza kukaguliwa na polisi stesheni wenzake wazungu wakipita, au kutukanwa barabarani. Wakubaliane mapema: usijibizane, ondokeni pamoja, andika mahali na saa, mpigie msindikizaji. Nakala ya paspoti na viza iwe nao kila wakati, na paspoti yenyewe mwalimu na mwanafunzi waamue pa kuihifadhi salama.

La pili ni kuzamia. Kila mtu analifikiria na hakuna anayelitaja, kwa hiyo litaje wewe, mbele ya wazazi, kwenye kikao cha wazazi mwezi wa saba. Anayebaki baada ya viza kuisha anakuwa mkosaji, anaweza kupigwa marufuku kuingia Schengen, na maombi ya kundi la mwaka unaofuata yatasomwa kwa jicho lingine. Lisemwe bila kumnyooshea mtu kidole. Mwanafunzi mwenye ndoto ya kuishi Ulaya aelezwe njia halali: amalize shahada, aombe ufadhili, arudi kwa viza ya masomo akiwa na rekodi safi ya safari hii. Wazazi nao wasikie, kwa sababu shinikizo mara nyingi hutoka kwa mjomba.

Kurudi

Ndani ya wiki mbili baada ya kutua, kabla habari hazijapoa, kila mwanafunzi ajibu lile swali lake la sentensi moja, kwa kurasa nne, na jibu lipewe sehemu ya alama za kozi. Kisha wawasilishe kwa Kiswahili mbele ya viongozi wa serikali za mitaa ya Bonde la Msimbazi na wale wakazi waliozungumza nao mwezi wa tano. Tarehe ya kikao hicho, na ukumbi wake, pangeni sasa hivi pamoja na wenyeviti wa mitaa, kwa sababu Oktoba mvua za vuli zinapoanza hakuna mtu Jangwani atakayekuwa na muda wa kukaa kwenye kiti.